Mazoezi ya Kurusha Mshipi

Msomaji, yamkini umekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba mazoezi humkamilisha mtu. Mimi nami nimelisema neno hilo mbele ya wanafunzi wangu zaidi ya mara niwezazo kuzihesabu, na nililisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Leo nataka tulichunguze pamoja, kwa maana nimepata sababu ya kulionea shaka. Sababu yenyewe sikuipata katika vitabu vya falsafa, ingawa baadaye niliikuta humo pia. Niliipata ukingoni mwa mto, na mara ya pili katika daftari la mwanafunzi mmoja. Nitaanza na mto.

Katika mito iteremkayo kutoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, kama vile Gura, Chania, Mathioya, Thiba na Naro Moru, yuko samaki ambaye wazee wetu wa kale hawakumjua. Jina lake ni trauti. Mwaka 1905 mlowezi mmoja, Ewart Grogan, alileta trauti wa rangi ya kahawia kutoka Loch Leven katika nchi ya Uskoti, wakatiwa katika mto Gura. Mwaka 1910 wakaletwa kutoka Afrika Kusini trauti wa aina nyingine, wenye mbavu za rangi ya upinde wa mvua, ambao asili yao ni upande wa magharibi wa Amerika ya Kaskazini. Samaki hawa hupenda maji ya baridi, safi, yaendayo kwa kasi, na sehemu kubwa ya chakula chao ni wadudu: wale wakaao chini ya mawe ya mto, na wale waangukao juu ya maji. Kwa hiyo wako wavuvi wa trauti wasiotumia nyungunyungu kuwa chambo. Hufunga manyoya na nyuzi juu ya ndoano ndogo, mpaka ikafanana na nzi aliyetua majini, na samaki akidanganyika huinuka akammeza.

Hila hii ni ya kale sana. Mwandishi Aelian, aliyeandika kwa Kiyunani yapata miaka 1,800 iliyopita, alieleza habari za watu wa Makedonia waliozungushia ndoano sufu nyekundu na kuifungia manyoya mawili ya jogoo, wakavua kwa ufito wa futi 6 na mshipi wa urefu huo huo. Mshipi mfupi kiasi hicho hautaki ufundi mwingi wa kuurusha. Unautundika tu juu ya maji. Siku hizi mshipi hurushwa mbali, mara tatu au nne ya urefu wa ufito, na hapo ndipo taabu ilipoanza.

Mvuvi wa mshipi baharini hufunga chubwi la risasi; akilitupa, chubwi huenda likauvuta mshipi nyuma yake. Lakini nzi wa manyoya hana uzito. Jaribu kuutupa unyoya wa kuku kutoka upande mmoja wa ua hadi wa pili, utaona nisemalo. Basi kinachorushwa si nzi, bali ni mshipi wenyewe, uliotengenezwa mnene na mzito kwa makusudi hayo, na nzi hufuata kama mtoto aliyeshika nguo ya mama yake sokoni.

Na mshipi hauwezi kurushwa mbele kabla haujarushwa nyuma. Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote, nami nakuomba usipapite upesi. Mvuvi huinua ufito. Mshipi ukatoka majini, ukapaa juu ya bega lake, ukaenda nyuma. Ufito husimamishwa ghafula. Mshipi huendelea na safari, ukijikunjua angani katika umbo la kitanzi chembamba, mpaka ukanyooka wote. Kwa mshipi wa mita 10 hivi, kungoja huko ni kama muda wa kutamka jina lako na la baba yako. Mshipi ukizidi urefu, kungoja nako huzidi. Ukisha kunyooka, mkono huanza kwenda mbele, na uzito wa mshipi huupinda ufito. Ufito uliopindika hivyo ndio uutupao mshipi mtoni, kama upinde utupavyo mshale. Mvuvi akianza mapema, mshipi hulia kama mjeledi na nzi hukatika. Akichelewa, mshipi huanguka nyasini nyuma yake, na hapana kitu cha kuupinda ufito. Nguvu za misuli haziwezi kulilipia kosa hilo. Nimewaona vijana wenye vifua kama milango wakiutupa mshipi mbele ya miguu yao wenyewe, na nimemwona mzee mkonde, ambaye nitamtaja punde, akiutandaza mtoni kama mtu atandikaye shuka kitandani.

Vitabu vya Kiingereza hueleza mwendo wa ufito kwa kufananisha na saa ya ukutani: mbele usimame penye namba 10, nyuma usimame penye namba 1. Msomaji wa Kiswahili na aangalie namba zilizoandikwa, asifuate majina ya saa. Siku moja nilimwambia rafiki yangu, "Saa kumi," naye, kwa haki yake kabisa, aliupeleka ufito penye namba 4, akaichoma ardhi nyuma yake.

Sasa nieleze yaliyonipata. Miaka kadhaa iliyopita nilihamishiwa shule iliyo karibu na mto mmojawapo wa hiyo niliyoitaja. Sokoni niliukuta ufito mkongwe wa futi 9, nikaununua kwa bei ambayo mke wangu hakuambiwa. Nilisoma kitabu kimoja, nikatazama picha kadhaa katika simu, kisha nikaanza mazoezi. Mimi ni mtu wa utaratibu. Chuo cha ualimu kilinilea hivyo. Kila jioni baada ya masomo nilishuka mtoni nikaurusha mshipi mara 100, nikihesabu kwa sauti, na hesabu yangu nikaiandika katika kitabu kidogo. Sikukosa siku ila zile za mvua kubwa. Katika miezi mitatu nilikuwa nimerusha zaidi ya mara 7,000, nami nilijivunia hesabu hiyo kuliko nilivyoweza kujivunia samaki, kwa sababu samaki nilikuwa nimepata wawili tu, na mmoja wao nadhani alikuwa mgonjwa.

Kila jioni nilipoteza nzi, na nzi hawa hununuliwa. Tena, katika ule ugwe mwembamba uungao mshipi na nzi, nilikuwa nikikuta mafundo madogo ambayo mimi sikuyafunga. Kitabu changu kilinipa jina la mafundo hayo. Wavuvi wa Kiingereza, kilisema, huyaita mafundo ya upepo. Nilifurahi kulijua jina hilo. Kila nilipokuta fundo nililifungua kwa subira, nikamsamehe mwenyezi upepo, nikaendelea kuhesabu.

Yuko mzee mmoja katika kijiji kile ambaye tangu ujana wake alikuwa akiwaongoza wageni mtoni, akiwabebea samaki na kuwaonyesha vivuko. Siku moja alipita kwenye njia ya juu, akasimama, akanitazama kwa muda mrefu. Nilimwamkia, naye akaitikia.

"Mwalimu," akasema, "leo umepoteza nzi wangapi?"

"Watatu, mzee."

"Wamechukuliwa na samaki?"

"La, mzee. Ni huu upepo."

Aliinua uso akazitazama ncha za majani ya ng'ambo. Mimi nami nikazitazama. Hapakuwa na jani lililotikisika.

"Upepo upi?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Akashuka mpaka nilipo, akaupokea ufito, akaushika kama mtu ashikavyo kitu chake mwenyewe, kisha akaniuliza swali la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike insha hii: "Tangu uanze, umepata kugeuka ukautazama mshipi wako ukiwa nyuma?"

Zaidi ya mara 7,000, msomaji, na sikuwa nimegeuka hata mara moja.

Aliponigeuza nikaona, niliona mambo ya aibu. Mkono wangu ulikuwa hauungoji mshipi. Ulianza safari ya mbele mshipi ungali umejikunja, na kwa kuwa ufito haukupata uzito wa kuupinda, nilijaribu kulipia upungufu huo kwa kuukurupusha kwa nguvu za kifundo cha mkono. Ufito ukikurupushwa hivyo, ncha yake huinama katikati ya mwendo. Ncha ikiinama, upande wa juu wa kitanzi hushuka ukaukata upande wa chini. Na hapo ugwe hujifunga fundo. Ndiyo asili ya mafundo ya upepo, na upepo haumo. Nadhani hapana ufundi mwingine duniani ambao wenyewe wameupa kosa la mkono jina la kitu kisichoweza kujitetea.

Lakini tusiwacheke wavuvi wa Kiingereza peke yao. Jambo lililonishughulisha tangu siku ile ni hili: nilikuwa nimefanya bidii. Hapana mtu aliyeweza kuniita mvivu. Kama bidii ni tunu, kama tunavyofundisha, na kama mazoezi humkamilisha mtu, ilikuwaje bidii yangu ikanifikisha pale? Ningalikuwa mvivu, nikarusha mara 50 tu katika miezi mitatu, kosa langu lingalikuwa bado changa, na mzee angaliling'oa kwa siku moja. Wahenga wamesema, samaki mkunje angali mbichi. Kosa nalo ni samaki, na mimi nilikuwa nimelikausha mwenyewe kwa bidii kila jioni.

Nafikiri tunakosea tunapoyadhania mazoezi kuwa ni njia iendayo mahali pazuri. Mazoezi ni miguu tu. Miguu ikipita mara nyingi penye nyasi huacha njia, na njia hiyo huwa nyeupe na rahisi, iwe yaenda kisimani au yaenda shimoni, miguu haichagui. Jambo hili Aristotle alikwisha kuliona zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Katika kitabu chake juu ya maadili alieleza kwamba watu huwa wajenzi kwa kujenga, na huwa wapiga kinubi kwa kupiga kinubi, na kwamba kadhalika huwa waadilifu kwa kutenda uadilifu. Maneno hayo hupendwa na walimu na hurudiwa mara nyingi. Yale aliyoyaongeza hurudiwa kwa nadra: kwamba ni kwa kupiga kinubi huko huko watu huwa wapigaji wazuri na huwa wapigaji wabaya pia. Ingalikuwa si hivyo, asema, kusingalikuwa na haja ya mwalimu. Nilipoyasoma hayo baada ya siku ile mtoni, niliweka kitabu chini kwa muda.

Basi, kwa nini mtu hageuki? Ni jambo jepesi, shingo yaweza. Nimejiuliza swali hili kwa haki, nami nimepata majibu mawili, na moja halinipendezi.

La kwanza ni kwamba mbele kuna vitu vya kutazamwa. Mbele kuna maji, na mawe, na mahali penye kivuli ambapo huenda samaki yupo. Tamaa yote ya mvuvi iko mbele. Nyuma hapana kitu ila kazi yake mwenyewe ikining'inia hewani. Nyani haoni kundule, husema watu, wakikusudia kwamba huyaona ya mwenziwe. Lakini mithali hiyo yaweza kusomwa kwa huruma zaidi, kwamba nyani macho yake yamewekwa mbele, na hakuyaweka yeye.

La pili ndilo lisilonipendeza. Nilikuwa nikihesabu. Kuhesabu kulinipa furaha ya kazi iliyotimizwa bila kunidai kuitazama kazi yenyewe. Mia ni mia, hapana wa kubishana nayo. Mtu akiuliza, "Umefanya mazoezi?" namwonyesha kitabu. Lakini mtu akiuliza, "Mrusho wa arobaini ulikuwa mzuri kuliko wa thelathini na tisa?" sina la kusema, maana sikuwapo. Mkono ulikuwapo, ulimi ukihesabu ulikuwapo, mimi sikuwapo. Wako watu wasalio hivyo, na wasomao hivyo, na wasalimuo wazazi wao hivyo. Hesabu yaweza kuwa pazia, na anayejificha nyuma yake hawezi kushikwa kwa kuwa ana ushahidi wa bidii mkononi.

Mzee alinipa dawa, na dawa yenyewe ilikuwa chungu. Alisema nisiingie mtoni kwa majuma mawili. Niende uwanja wa shule, kwenye nyasi, nifunge kipande cha uzi wa sufu mahali pa ndoano, nisimame ubavu ili niweze kuuona mshipi ukienda kila upande, na nisirushe zaidi ya robo saa kwa siku. Nilipomwuliza nirushe mara ngapi katika robo hiyo, alinitazama kama mtu aliyeulizwa idadi ya pumzi zake. "Rusha," akasema. "Kisha utazame. Ukichoka kutazama, acha." Akaongeza kwamba yeye mwenyewe, ambaye amevua zaidi ya miaka 40, hurusha kwanza nyasini kila mwaka mvua zikiisha, kabla hajaukaribia mto.

Majuma hayo mawili yalikuwa marefu. Jambo ambalo hakuniambia, nami nakuambia wewe ili usije ukavunjika moyo, ni kwamba mtu aanzapo kulitazama kosa lake huzidi kuharibu. Mirusho yangu ya zamani, pamoja na ubaya wake, ilikuwa na wepesi wa mazoea. Mirusho mipya haikuwa na wepesi wala uzuri. Nilingoja mno, mshipi ukaanguka. Nikapunguza, ukalia. Wanafunzi walikuja kuegemea ua wa seng'enge kumwona mwalimu wao akiwapigia mjeledi ng'ombe wasiokuwapo, na vicheko vyao havikuwa vya kificho. Siku ya nne nilitamani kurudi mtoni kwenye mia yangu, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kucheka na ambapo upepo ulikuwa tayari kubeba lawama. Naamini hapo ndipo wengi hurudi. Haja yao si mvivu kuondokewa na uvivu. Wao wanayo bidii tele. Wanachokosa ni ustahimilivu wa kuonekana wabaya kwa muda, hasa machoni pao wenyewe.

Siku ya tisa au ya kumi mshipi ulinyooka nyuma, nikauona umenyooka, na mkono wangu ukahisi mvuto mdogo katika ufito, kana kwamba mtu amenishika bega kwa nyuma. Nilipeleka mkono mbele polepole. Uzi wa sufu ulitua nyasini bila sauti. Sikuupata tena mpaka kesho yake.

Huenda msomaji mwenye akili atauliza: je, kujitazama sana hakumlemazi mtu? Atembeaye akiitazama miguu yake hujikwaa. Ni kweli, na ndiyo sababu mzee aliyatenga mahali pa kutazama na mahali pa kuvua. Nyasini hapana samaki. Hapo mtazame mshipi. Mtoni mtazame samaki, uuachie mkono yale uliyoufunza. Tena kujitazama si lazima kuwe kwa mashaka na huzuni. Yuko Mmarekani mmoja, Joan Wulff, aliyezaliwa mwaka 1926, ambaye alianza kurusha mshipi angali mtoto. Mwaka 1951 aliwashinda wanaume watupu katika shindano la kurusha mbali, na mwaka 1960 alirusha futi 161, yaani karibu mita 49. Hakuwa mtu wa mwili mkubwa. Alijifunza pia kucheza ngoma za jukwaani, na mchezaji ngoma huzoea kuulizwa mkono wake uko wapi wakati hauoni. Baadaye aliuchambua mwendo wa mkono katika sehemu zake, akaipa kila sehemu jina, na mwaka 1987 akatoa kitabu cha kuwafundisha wengine. Mtu aliyerusha kwa kuhesabu tu asingaliweza kuandika kitabu hicho, hata angalirusha mara milioni, asingalijua alichokifanya.

Sasa nifike kwenye daftari, maana nimelikwepa muda wote huu.

Mwaka huo huo, kabla ya mzee kuniuliza swali lake, palikuwa na mvulana wa Kidato cha Kwanza aliyesema na kuandika "kitabu yangu imepotea." Nilimsahihisha mara tatu, na mara ya nne nilikasirika. Nikamwamuru aandike, "Kitabu changu kimepotea," mara 100, aniletee asubuhi. Aliniletea. Kurasa zilijaa, mistari ilikuwa na namba kutoka moja hadi mia, na mwandiko ulikuwa safi. Nilitazama namba ya mwisho, nikatia sahihi kwa kalamu nyekundu, nikamrudishia.

Juma lililofuata siku ile ya mtoni, mvulana yule aliandika tena, "kitabu yangu." Nikamwita mezani. Nilimwambia kwamba hakusikia, kwamba hata mia haikumtosha, na kwamba huenda akahitaji mia mbili. Alisimama kimya. Kisha akaenda kwenye dawati lake akalileta lile daftari, akalifungua mbele yangu kwa heshima, kama mtu aletaye risiti.

"Mwalimu," akasema, "nilifanya vile ulivyosema. Uliweka sahihi."

Nikasoma. Mstari wa kwanza ulikuwa sawa, na wa pili, na wa tatu, hadi wa sita. Katika mstari wa saba mkono wake ulirudi kwenye mazoea, ukaandika, "Kitabu yangu imepotea." Kuanzia hapo hakuutazama tena mstari wa kwanza, alinakili kila mstari kutoka ule ulio juu yake. Mara tisini na nne aliandika kosa lake kwa mwandiko mzuri, usiku, kwa mwanga wa taa, akiwa mtiifu. Na chini yake palikuwa na jina langu kwa wino mwekundu.

Sikujua niseme nini. Ningaliweza kumwambia kwamba yeye ndiye aliyepotoka katika mstari wa saba, na ingalikuwa kweli. Lakini mimi ndimi niliyempa mia badala ya kumpa mwalimu. Nilimfanyia yale niliyojifanyia mtoni, na yeye hakuwa na mzee wa kupita kwenye njia ya juu. Alikuwa na mimi tu. Nilifikiri pia juu ya wale waliomtangulia, miaka saba ya mia zilizotiwa sahihi, ambao wamekwisha kuondoka shuleni na wana kazi na watoto, nami siwezi kuwaita warudi mezani.

Mbele ya darasa nilimwambia kwamba kosa lile lilikuwa langu kabla halijawa lake. Darasa lilinyamaza, si jambo walilozoea kulisikia, na mimi sikulizoea kulisema. Kisha nikampa karatasi tupu. Nikamwambia aandike sentensi kumi tu, kila moja na neno lake jipya, kisu, kiatu, kikombe, kiti, na kwamba akimaliza kila mstari ausome kwa sauti ya chini kabla hajaandika unaofuata. Hakuna kuhesabu.

Nilikaa karibu naye nikijifanya nasahihisha kazi nyingine. Aliandika polepole, midomo ikicheza. Mstari wa tano aliandika, "Kikombe yangu," akainua kalamu, akausoma. Akausoma tena. Alinitazama upesi kuona kama nimeona, nami nikainamisha macho. Kisha akarudi juu mpaka mstari wa kwanza, akashuka nao mmoja mmoja kwa kidole, na alipofika kwenye wa tano akachukua ufutio.